Jina la Mama Eliasi

Wenzangu wa kuchuma kahawa, mmeniuliza mara nyingi mno kilichotokea huko Dar es Salaam. Mmeniuliza kwenye mfereji, mmeniuliza mlangoni pa kanisa, na mmoja wenu alinifuata hadi darasani nikiwa nimeshika chaki. Wengi wenu niliwajibu kwamba safari ilikuwa ndefu, nitaeleza siku nyingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Sasa nimekaa mezani niandike yote, maana nikisimulia kwa mdomo najijua: nitatia chumvi na kujitetea. Wasiojua kusoma watasomewa, na atakayesoma namwomba asiruke mahali penye aibu yangu.

Mambo ya tiketi na vibali nayaacha, hayana ladha. Naanzia kwa Mama Eliasi, kwa sababu safari ilikuwa yake ingawa miguu ilikuwa yangu. Nyote mnamjua. Eliasi, mtoto wake wa kwanza, alikufa kwa surua kabla hajajua kutembea. Wakafuata mabinti wawili, kisha mume naye akafa kwa kifua. Kwa kuwa hakubaki mtoto wa kiume, shemeji yake alimwambia mavuno ya kahawa yakiisha atoke kwenye kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na mibuni ambayo nusu yake aliipanda yeye kwa mikono yake. Ndipo tukakubaliana kuandika malalamiko na kuyapeleka kwa wakubwa Dar es Salaam, kwamba mjane asitolewe shambani kabla shauri lake halijasikilizwa, na kwamba anayelima kahawa ahesabiwe kuwa mkulima hata kama anavaa gauni.

Niliandika mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu. Kila mmoja wenu alibonyeza kidole chake kwenye karatasi, nami mbele ya kila alama nikaandika jina kama tunavyoitana siku zote: Mama Eliasi, Mama Ndesari, Mke wa Matayo, Mama Pacha. Nilipiga mistari kwa rula. Nilijiona nimefanya kazi safi sana.

Moshi hadi Korogwe

Mama Eliasi alinisindikiza stesheni na mabinti zake wawili. Alikuwa amenifungia ndizi za kuchoma na chupa ya maziwa, na aliponiona nikiikunja ile karatasi ili niitie mfukoni, aliguna. Akatoa kwenye kikapu kitabu chake cha nyimbo, kile chenye jalada jeusi lililokwanguka, akaiweka karatasi katikati ya kurasa.

"Kaa nacho, mwalimu. Isije ikafika imekunjamana kama kitambaa cha kufutia masufuria."

"Na Jumapili utaimbia nini?"

"Nyimbo nazijua kwa moyo. Wewe nenda tu. Usiwasahau wasichana wangu."

Garimoshi lilipoanza kushuka tambarare nilikifungua kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina kwa wino uliofifia: Elizabeti. Nikawaza, kumbe ndivyo anavyoitwa, jina zuri. Nikala ndizi moja na kuangalia mashamba ya mkonge yasiyokwisha mpaka macho yakachoka. Tulikuwa majirani miaka minane, na hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza kuhusu jina lake.

Korogwe hadi Morogoro

Basi la Korogwe lilitutoa vizuri, likatufikisha mahali fulani mbele ya Handeni, likazama kwenye matope hadi kwenye ekseli. Dereva alisema ni dakika tano. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi jua likaanza kuinama.

Aliyekuwa ameketi karibu nami ni mwanamke mnene kutoka Muheza mwenye kapu la machungwa. Alinimenyea moja baada ya jingine, akikata kwa namna yao, juu kama kofia, unafyonza. Aliniuliza naenda wapi, nikasema Dar es Salaam.

"Kumfuata mume?"

"Mume wangu yuko nyumbani."

Basi hapo mambo yakaharibika. Mzee mmoja wa kiti cha mbele aligeuka mzima mzima. Alikuwa amesikia kwamba nimemwacha mume nyumbani na ninakimbilia mjini. Akaanza kunionya kwa upole, kwa sauti ya kusikika basi zima, kwamba ugomvi wa nyumbani haumalizwi kwa kupanda basi, kwamba hata yeye mke wake aliwahi kukasirika akaenda kwao akarudi. Nilimweleza kwamba mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifungia mzigo. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kwa hiyo amekufukuza," akasema. Watu wakasikitika. Yule mama wa machungwa alinishika mkono, akanimenyea jingine.

Nilikasirika, mnanijua. Nilifyonza machungwa kwa hasira mpaka lilipokuja lori likatuvuta. Tulipoachana Morogoro, yule mama alinitilia machungwa manne kwenye mfuko na kuniombea heri na mume wangu. Nilikula vya mtu siku nzima na sikumwuliza anaitwa nani. Wakati ule sikuliona kuwa kosa.

Stesheni hadi Kariakoo

Dar es Salaam niliingia asubuhi kwa garimoshi, na joto lilikuwa limekwisha amka kabla yangu. Nilikuwa na gauni la kitambaa kizito, lile la Pasaka, na soksi. Msicheke. Nilitaka wakubwa wanione mtu wa maana.

Nilikuwa nifikie kwa binamu wa mume wangu mwenye duka Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Nilitembea kwa miguu nikiuliza njia. Kila niliyemwuliza alinisalimu kwanza kwa kirefu, habari za nilikotoka, habari za wazee, habari za safari, wakati jasho linanichuruzika mgongoni. Nikafika dukani, mlango umefungwa kwa kufuli. Nikagonga. Nikagonga tena.

"Wee bibie, utavunja mkono bure," sauti ikatoka ng'ambo ya barabara. "Huyo bwana hayupo. Kaenda Kilosa na mkewe kununua vitunguu, hawarudi mpaka Jumatatu."

Ilikuwa Jumanne. Aliyesema alikuwa ameketi barazani kwake nyuma ya chungu cha vitumbua, amejifunga kanga moja kifuani na nyingine kichwani, mtu mzima mwenye mikono minene na macho yasiyopitwa na kitu. Nilisogea nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa kigoda na kitumbua bila kuuliza kama nina njaa.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Mwalimu."

"Ualimu ni kazi. Nakuuliza jina."

"Mama Neema."

Akageuza vitumbua vyake, vyote, kimoja kimoja. "Neema nitamwuliza siku akija. Wewe unaitwaje?"

Nikamwambia, Anansia. Nilisikia ajabu kulitamka. Yeye akajitaja bila kuombwa: Chausiku binti Kondo. Jina lake na la baba yake, kama anayetaja mali.

Nawaambia wazi kwamba sikutaka kulala kwake. Nyumbani tumezoea kusema watu wa pwani hivi na vile, nami nilikuwa nimeyabeba yote hayo pamoja na mzigo. Lakini sikuwa na pengine. Bi Chausiku alinipa chumba kimoja kati ya sita, chenye kitanda cha kamba na shuka iliyonukia udi. Nilimwuliza kama mumewe hatachukia kuona mgeni.

"Mume yupi? Wamepita humu wawili, Mungu awape afya huko walipo. Nyumba imebaki. Hii nyumba yangu, nimeijenga kwa vitumbua na wapangaji." Akaugonga ukuta kwa kiganja. "Na imeandikwa kwa jina langu."

Mchana alipakua wali wa nazi na samaki mzima mwenye macho. Mimi samaki sikuwahi kumla, nyumbani kwetu ni kitu cha kuangaliwa kwa mbali. Nikala wali pembeni pembeni, nikimzunguka yule samaki. Bi Chausiku akaacha kula.

"Unaona kinyaa na chakula changu? Sema tu. Kwa kuwa mimi Mwislamu?"

"Hapana, Bi! Sijui pa kuanzia. Ananitazama."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Akamgeuza samaki atazame ukutani, akanitolea miiba kwa vidole na kunirundikia minofu kando ya sahani kama wanavyofanyiwa watoto. Nilikula nikamaliza. Samaki alikuwa mtamu, na niliona haya kwa yale niliyokuwa nimeyabeba.

Kariakoo hadi Posta

Kesho yake nilivaa soksi tena, nikavuka mpaka upande wa Posta kwenye ofisi moja ya serikali niliyoelekezwa. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine muda mrefu sana. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote, ukifungwa tukakaa wote.

Karani aliyenipokea alikuwa kijana wa Tanga mwenye shati lililopigwa pasi hadi linakatika. Alisoma malalamiko yetu kwa utulivu, nami nikaona yanamwingia. Aliposema "mmeandika vizuri", moyo wangu ulivimba. Kisha akafika kwenye alama za vidole.

"Huyu Mama Eliasi ndiye mlalamikaji?"

"Ndiye."

"Basi mama, mbona shauri ni jepesi? Ana mtoto wa kiume. Eliasi atarithi, amngoje akue."

"Eliasi alifariki."

"Alifariki?" Aliangalia karatasi tena. "Lini?"

"Zamani. Kabla ya hao mabinti."

"Na bado mnamwita hivyo."

"Ndivyo anavyoitwa."

Aliweka kalamu chini. Hakuwa na dharau, hilo nataka mlijue. Alionekana kuchoka tu. "Mwalimu, bwana mkubwa anaweza kuandika barua iende kwa mangi, chifu wenu, kwamba mjane huyu asiguswe mpaka asikilizwe. Barua za namna hiyo nimeziona zikitoka. Lakini haiwezi kumtaja Mama Eliasi. Wako akina Mama Eliasi wangapi mlimani kwenu? Hawa wengine waache walivyo, ni mashahidi. Huyu mmoja niletee jina lake. La kwake mwenyewe."

Hapo ningeweza kusema silijui. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nyuma yangu benchi zima lilikuwa linasikiliza, na nilikuwa nimejitambulisha kuwa mwalimu na mwakilishi wa wanawake wa kahawa. Nikasema nitalileta kesho.

Mnazi Mmoja

Alasiri Bi Chausiku alinichukua Mnazi Mmoja. Askari wa soko walikuwa wameanza kuwafukuza wanawake wanaouza vitumbua na mbaazi pembeni mwa soko, wakisema wanaziba njia, na wenzake Bi Chausiku wa kikundi cha ngoma walikuwa wakutane kupanga la kufanya. Nilidhani kwa kuwa ni kundi la ngoma nitakuta ngoma. Nikakuta wanawake wameketi kwenye majani kwa safu, kanga zao zinavutia macho, na kila mmoja amekuja na hoja.

Walikuwa na desturi moja. Kabla ya maneno yoyote, mwanamke mmoja mrefu alisimama akaita majina. Zuhura binti Ally. Mwanaisha binti Mbaraka. Pili binti Juma. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo!" kwa sauti, na wapita njia waliokuwa wakikatiza uwanjani waligeuka kutazama. Asiyekuwepo, aliulizwa yuko wapi, ni mgonjwa, nani ataenda kumwona. Hapo ndipo wakaanza kuzungumza habari za soko. Wakakubaliana kwamba kesho yake askari wakija hawatakimbia. Watakaa na vyungu vyao, na akiulizwa mmoja jina, watataja wote.

Bi Chausiku alinigusa kwa kiwiko. "Tunaita hivi tangu mwenzetu mmoja alipokufa, tukaenda mazikoni hatujui pa kuuliza nyumba. Wote tulimjua kwa jina la biashara, Mama Mbaazi. Tukapotea mitaa mitatu na maiti ikazikwa bila sisi. Tukaapa haitatokea tena."

Niliitikia kwa adabu. Nilikuwa nikiwaza barua yangu.

Tukirudi, jua likiwa bado juu ya mapaa, nilimweleza habari za ofisini. Nikamwambia sina wasiwasi, jina ninalo, limo kwenye kitabu cha nyimbo.

"Alikuambia yeye kwamba ni lake?"

"Limeandikwa ndani. Kitabu ni chake."

Alisimama katikati ya barabara, baiskeli ikatukwepa kwa kelele. "Anansia. Msahafu wangu nyumbani una jina la marehemu babu yangu. Mimi ndiye babu?"

"Bi, kwetu si kama huku."

"Kwenu watu hawarithi vitabu? Ngoja Jumatatu. Mke wa huyu mwenye duka si wa mlima wenu? Atakuwa anamjua, au anamjua anayemjua. Karani atakungoja, karatasi haina miguu. Na chakula changu hujakimaliza."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipowauza. Sikungoja Jumatatu. Niliwaambia wengine baadaye kwamba niliogopa kumlemea Bi Chausiku, na niliwaambia wengine kwamba niliogopa mavuno yataisha. Yote mawili yana kaukweli kidogo. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kufika nyumbani kabla ya Jumapili. Nilikwisha kujiona nimesimama mbele kanisani, mchungaji amenipisha, nanyi mnaniangalia, nikisema tumeshinda. Ningesafiri Jumatatu, ningefika katikati ya juma, ningewaambia mmoja mmoja shambani na mikono imejaa kahawa. Nilitaka ile Jumapili.

Posta tena

Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi.

"Elizabeti," nikamwambia karani.

"Una hakika?"

"Mimi ni mwalimu," nikamjibu. Alinitazama kidogo, kisha akaandika.

Nilingoja barua ipigwe chapa. Niliiona kwa macho yangu: Elizabeti, mjane, asiondolewe katika shamba anamoishi hata shauri lake lisikilizwe. Ilikuwa na mhuri. Karani alisema itapitia ofisi zao, itafika kwa mangi baada ya siku kadhaa. Alinifungulia mlango mwenyewe, akasema, "Msalimie huyo mama. Mwambie amepata watu." Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Nilipopita Kariakoo kuaga, Bi Chausiku alikuwa sokoni amekaa na chungu chake pembeni ya njia, na wenzake kushoto na kulia, na askari wawili wamesimama mbele yao hawajui waanzie wapi. Mmoja alikuwa na daftari. Nilisikia majina yakitajwa moja baada ya jingine, kwa sauti, mpaka askari akaacha kuandika akafunika daftari. Bi Chausiku aliniona. Hakuweza kuinuka, akanirushia vitumbua vilivyofungwa kwenye jani la mgomba na kuuliza kwa macho. Nikampungia mkono kwamba mambo ni mazuri. Yeye hakutabasamu.

Kurudi mlimani

Njia ya kurudi haikuwa na matope wala wazee wa kunionya. Ilikuwa nyepesi hata naionea mashaka sasa. Nilifika Jumamosi, na Jumapili mnaijua, mlikuwepo. Nilisimama mbele. Niliwaeleza habari za ofisi, mhuri, karani, nikaacha habari za samaki na za benchi. Mlipiga vigelegele kanisani mpaka mchungaji akainua mkono. Mama Eliasi alilia. Nilimrudishia kitabu chake mbele ya watu wote, na hata hapo, nikiwa nimekishika mkononi, sikumwuliza. Kitabu cha usharika chenye majina ya waliobatizwa kilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka niliposimama.

Barua ilisomwa barazani kwa mangi mavuno yakiwa karibu kuisha. Mlioenda mliyasikia. Ambao hamkuwepo, ilikuwa hivi. Karani wa baraza alisoma mpaka mwisho, na shemeji yake Mama Eliasi akasimama polepole, amevua kofia, mpole kabisa.

"Elizabeti ni mama yangu mzazi," akasema. "Serikali inasema asiondolewe kwenye kihamba. Nami naahidi mbele ya baraza, hataondolewa. Amelala pale chini ya migomba mwaka wa sita sasa."

Watu wakacheka. Wanaume walicheka, na wanawake wachache nao walicheka kwa kushtuka. Niliinuka nikasema ni kosa, kitabu kilikuwa cha mkwe wake, alikirithi, mtu aliyekusudiwa ni huyu hapa. Mangi aliniuliza ni nani aliyelitoa lile jina huko mjini. Nikasema ni mimi. Akauliza, huyu mjane basi anaitwa nani? Nikafungua mdomo.

Mama Eliasi alikuwa kwenye safu ya nyuma na mabinti zake. Nilimtazama, naye akanitazama, na wote walikuwa wakituangalia tukitazamana. Nadhani alikuwa anangoja nilitaje mimi. Mangi akasema barua ya mtu mwingine haiwezi kumlinda huyu, waandike upya wakipenda, na baraza likaendelea na shauri la mbuzi. Siku nne baadaye shemeji alileta watu, wakatoa vitu vya Mama Eliasi nje, kitanda, masufuria, mashine ya kukobolea kahawa. Mlisaidia kubeba. Mimi nilikuwa darasani, nikawaandikisha watoto imla, na sikutoka.

Halafu yule mke wa mwenye duka alikuja likizo. Nilimwuliza kama anamjua Mama Eliasi. Akashangaa. Walipata kipaimara siku moja, alisema, wameketi benchi moja.

Tambarare

Safari ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote, nusu siku kwa miguu. Mama Eliasi anaishi kwa kaka yake huko chini, joto, vumbi, mahindi tu. Nilimkuta anapepeta. Mabinti walinikimbilia, yeye akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa mtupu.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njia nzima, yote yakapotea, nikasema tu kwamba nilikosa na kwamba nilitaka sifa. Aliutua ungo chini. Kisha nikatoa karatasi mpya, nikamwambia tutaandika tena, na sasa nimekuja kuuliza.

"Aikande," akasema.

Nikaandika. Nikakosea, nikarudia.

"Miaka yote hii hujanisikia nikiitwa hivyo, sivyo? Hata mume wangu aliacha alipozaliwa Eliasi." Alilitazama jina kwenye karatasi, ingawa hajui kusoma. "Ungeniuliza, mwalimu. Pale stesheni. Nilikuwa nimesimama mbele yako."

Nikafungua kidau cha wino ili aweke alama. Alirudisha mikono yake ndani ya kanga.

"Jina chukua. Kidole nilikwisha kukupa."

Karatasi hiyo ninayo hapa mezani. Ina jina moja na haina alama. Sitaipeleka popote kwa jinsi ilivyo, na sitawabonyezesha vidole tena kwa kuwaita Mama fulani na Mke wa fulani. Nitapita nyumba kwa nyumba kuanzia kesho baada ya shule. Nikifika kwako, usiniulize habari za Dar es Salaam, umeshazisoma. Niambie unaitwa nani, nami nitangoja mpaka useme. Na mkimwona Aikande siku ya soko, akija kuuza mahindi ya kaka yake, mwiteni kwa sauti. Mimi nilijaribu juma lililopita. Aligeuka kabla hajajua ni nani anayemwita, na uso wake ulikuwa wa msichana, kisha akaniona.